Balbu kubwa darini au taa ndogo karibu na kazi? Ulinganisho kwa nyumba za Mombasa

Mtu akiona chumba chake kina giza, hufikiria wati kwanza. Huenda dukani, iwe Marikiti au Mwembe Tayari, akiwa na balbu ya wati 9 mkononi na kurudi na ya wati 15, kisha huipachika palepale ilipokuwa ile ya kwanza, juu kabisa. Usiku mtoto anafungua daftari na bado anainama mpaka pua inakaribia kugusa karatasi. Kinachomtaabisha ni umbali kati ya taa na daftari, na umbali huo haukupunguzwa hata sentimita moja.

Ulinganisho huu ni wa yule anayetaka kununua taa ya nyumba, ya duka au ya kazi ya mikono, na hataki kubahatisha. Chaguo ni nyingi, lakini zote zinatawaliwa na kanuni moja, na mwenye kuijua kanuni hiyo hawezi kudanganywa na maandishi ya boksi.

Umbali unavyokula mwangaza

Mwangaza wa chanzo kidogo husambaa kila upande. Ukiwa mita 1 kutoka kwenye balbu, mwangaza umetandaa juu ya eneo fulani. Ukirudi nyuma hadi mita 2, mwangaza uleule, bila nyongeza yoyote, unalazimika kufunika eneo kubwa mara nne. Ni kama kopo moja la rangi linalotosha ukuta mmoja: ukilitumia kupaka kuta nne, kila ukuta utapata robo yake na plasta itachungulia. Ukifika mita 3, eneo ni mara tisa, na kila mahali hupata sehemu moja ya tisa tu. Hii ndiyo kanuni ya mraba: umbali ukizidishwa kwa wenyewe ndio unaogawanya mwangaza. Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, aliieleza kanuni hii mwaka 1604. Mwaka 1729 Mfaransa Pierre Bouguer akaitumia kupima taa: alilinganisha mianga miwili kwa kubadilisha umbali mpaka yote miwili ionekane sawa machoni.

Vipimo vitatu vinatosha kwa kazi yetu. Lumeni ni jumla ya mwangaza wote unaotoka kwenye taa, na ndiyo namba inayoandikwa kwenye boksi. Kandela ni ukali wa mwangaza unaoelekea upande mmoja. Laksi ni mwangaza unaofika pale unapoutaka, juu ya daftari au kitambaa. Ukigawanya kandela kwa mraba wa umbali katika mita, unapata laksi. Duka linakuuzia lumeni, jicho lako linahitaji laksi, na kati ya hizo mbili umekaa umbali.

Tuchukue balbu ya kawaida ya LED ya wati 9. Hutoa lumeni 800 hivi, na kwa hesabu rahisi tuseme inaelekeza kandela 100 chini. Kwa nusu mita inakupa laksi 400. Kwa mita 1, laksi 100. Kwa mita 2, laksi 25. Kwa mita 3, laksi 11. Balbu ni hiyohiyo na stima inayokula ni ileile.

Sasa tazama mahitaji. Viwango vya Ulaya vya taa za kazini vinataka laksi 500 kwa kusoma na kuandika, 750 kwa kushona nguo, na 100 kwa ukumbi wa kupita watu. Nyumbani laksi 300 kwenye daftari zinatosha kabisa. Lakini kati ya 300 na zile 25 za balbu ya dari kuna pengo ambalo wati 15 haziwezi kulijaza. Ukitoka wati 9 hadi 15 unaongeza chini ya mara mbili: laksi 25 zinakuwa 42 au karibu na hapo.

Jicho nalo hutuficha ukweli huu. Mboni hupanuka gizani, na jicho huzoea, kwa hivyo robo ya mwangaza haionekani kuwa robo. Ukitoka kwenye ngazi za giza na kuingia chumbani, chumba cha laksi 20 kitakuonekania kimejaa nuru. Muulize aliyekaa humo saa moja na nusu anatunga uzi kwenye sindano.

Balbu ya dari na taa ya mezani

Hapa ndipo tofauti ni kubwa kuliko kwingine kote, na hapa ndipo ningeomba msomaji atulie.

Tuseme dari iko mita 3 kutoka sakafuni, balbu imening'inia kidogo, na meza ina kimo cha sentimita 75. Kutoka balbu hadi daftari ni mita 2. Ili daftari lipate laksi 500 unahitaji kandela 2,000 kutoka juu, yaani balbu 20 za wati 9. Hizo ni wati 180. Kuta nyeupe zitakusaidia, na hilo nitalirudia, lakini hata zikikupunguzia nusu ya mzigo bado unabaki na balbu 10 kwenye dari moja.

Taa ya mezani ya LED ya wati 5, yenye kofia inayoelekeza mwangaza chini, hutoa lumeni 400 hivi na kandela kama 125 kuelekea kazini. Iweke nusu mita juu ya daftari na umepata laksi 500. Wati 5 dhidi ya wati 180. Kwa saa 4 kila usiku, mwezi wa siku 30, taa ya mezani hula uniti 0.6 na zile balbu 20 zingekula uniti 21.6. Anayenunua tokeni anajua tofauti hiyo ina maana gani.

Zamani mtu asingeweza kushauri hivi kwa moyo mweupe. Balbu ya waya ya wati 60 ilitoa mwangaza sawa na LED ya wati 9, lakini sehemu kubwa ya stima iligeuka joto, na ukiiweka karibu na kichwa cha mtoto usiku wa Februari wa Mombasa ulikuwa unamtesa. Kandili na kibatari navyo vilitaka nafasi kwa sababu ya moto na moshi. Tulizoea kuweka taa mbali kwa sababu taa zilichoma. LED hupata joto kidogo tu, tena sehemu ya nyuma, na kwa hivyo mazoea yale hayana sababu tena.

Fundi wa kushona pale Biashara Street, mshonaji wa kofia za viua anayehesabu matundu kwa sindano, mpakaji wa hina anayemaliza mikono ya bibi harusi usiku: hawa wote wanahitaji taa yenye shingo ya kupinda, sentimita 40 au 50 kutoka kwenye kazi, ikitokea upande wa mkono usiofanya kazi ili kivuli cha mkono kisiangukie mshono. Kwa cherehani, zile taa ndogo za LED zinazobandikwa kwa sumaku karibu na sindano zina kandela chache mno, lakini zikiwa sentimita 10 tu kutoka kwenye kitambaa zinafanya maajabu. Kandela 8 kwa sentimita 10 ni laksi 800. Hiyo ni zaidi ya kiwango cha kushonea, kutoka kwa taa ambayo ungeiwasha darini ungedhani imeharibika.

Lakini ukaribu una gharama yake, na gharama hiyo ni usawa. Rudi kwenye balbu ya kandela 100. Ikiwa nusu mita juu ya meza, chini yake moja kwa moja pana laksi 400, na ukisogea nusu mita pembeni juu ya meza hiyohiyo zinabaki 141. Ikiwa mita 2 juu, chini yake pana 25 na nusu mita pembeni pana 23. Ya karibu ni kali na ina mipaka. Ya mbali ni hafifu na imetulia. Watoto wanne wakizunguka meza moja kwa taa moja fupi, mmoja atakuwa peponi na wengine watagombania kiti. Kwa watoto wanne nunua taa mbili za mezani, au teremsha taa ya kuning'inia mpaka kimo cha mita 1 juu ya katikati ya meza. Hapo kila mmoja anapata fungu lake bila ugomvi.

Na usizime taa ya dari. Meza ikiwaka katikati ya chumba cheusi, kila mtoto akiinua macho mboni hupanuka, akiyarudisha hujikunja, na baada ya muda kichwa kinauma. Balbu ya wati 5 darini inatosha kuondoa giza la pembeni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mchanganyiko bora kwa nyumba yenye mwanafunzi: ndogo juu, ndogo karibu, jumla wati 10.

Chumba kirefu: balbu moja au mbili?

Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina umbo lake. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa hivyo vyumba vingi ni vyembamba na virefu. Fundi wa stima anapoingia humo, hutafuta katikati na kutundika balbu moja.

Tuchukue chumba chenye upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 6, watu wamekaa mkekani, balbu iko mita 2.5 juu. Chini ya balbu pana laksi 16. Kwenye ncha za chumba, mita 3 kutoka katikati, pana 4 tu, kwa sababu mwangaza umesafiri mbali zaidi na tena unafika kwa kulala, umetandaa kwa mshazari.

Gawa balbu hiyo mara mbili. Weka mbili zenye nusu ya ukali kila moja, mita 1.5 kulia na mita 1.5 kushoto kwa katikati. Stima ni ileile. Sasa katikati pana laksi 10 na ncha zina 6. Umepoteza kidogo katikati na umekomboa pembe mbili za chumba. Mimi ningechagua mbili bila kusita, hasa kama bibi analala upande mmoja na kabati la nguo liko upande wa pili. Gharama ni holda moja ya ziada na mita chache za waya. Mwambie fundi aweke swichi mbili.

Tyubu

Watu wengi huamini tyubu ina mwangaza unaofika mbali kuliko balbu. Kuna ukweli ndani yake, ila uko upande mwingine. Kanuni ya mraba huanza kufuatwa sawasawa pale unapokuwa mbali mara tano ya ukubwa wa taa. Balbu ina upana wa sentimita 6, basi sentimita 30 zinatosha. Tyubu ya mita 1.2 inahitaji mita 6, na ni vyumba vichache vyenye nafasi hiyo.

Ukiwa karibu na tyubu, mwangaza hupungua polepole zaidi. Kutoka sentimita 30 hadi 60, balbu inabakiwa na asilimia 25 ya mwangaza wake na tyubu inabakiwa na asilimia 43. Kutoka nusu mita hadi mita 1, tyubu inabakiwa na 36. Kutoka mita 1 hadi 2 inabakiwa na 29, karibu sawa na balbu. Kwa hiyo tyubu ikiwa darini haina sifa ya pekee ya kushinda umbali. Ubora wake huko ni lumeni nyingi na kivuli laini. Faida yake ya kweli unaipata ukiishusha: juu ya kaunta ya duka, juu ya meza ndefu ya kukatia kitambaa, juu ya sehemu ya kupikia. Hapo inakupa mwangaza mwingi na uliolingana kutoka ncha hadi ncha, kitu ambacho taa ya mezani haiwezi. Mwenye meza ya kukatia kanzu na achague tyubu, aitundike mita 1 juu ya meza kwa minyororo miwili. Kwa mshono wenyewe arudi kwenye taa ndogo.

Paneli bapa za sentimita 60 kwa 60 zinazowekwa kwenye maduka mapya ni nzuri kwa kuondoa vivuli, lakini kwa umbali wa dari zinatii kanuni karibu kama balbu yoyote. Usilipe zaidi kwa kudhani zinaikwepa.

Rangi ya ukuta

Hesabu zote za juu zinahusu mwangaza unaotoka taani moja kwa moja. Chumbani kuna mwangaza wa pili, unaogonga kuta na dari na kurudi. Ukuta wa chokaa nyeupe iliyo safi hurudisha asilimia 80 hivi. Ukuta wa bluu iliyokolea au wa mbao nyeusi hurudisha asilimia 10 hadi 20. Ndiyo sababu katika chumba kidogo cheupe mwangaza haupungui kwa ukali ule wa hesabu, na katika chumba kilichopigwa moshi wa jikoni balbu nzuri inaonekana duni. Kabla ya kuongeza balbu ya tatu, paka dari. Chokaa ni rahisi kuliko stima ya mwaka mzima.

Mchana: dirishani au katikati ya chumba

Jua liko umbali wa wastani wa kilomita milioni 150. Mapema Januari liko milioni 147 na mapema Julai milioni 152, na tofauti hiyo hubadilisha mwangaza wake kwa asilimia 7 tu. Kupanda ghorofa ya nne hakukusogezi karibu nalo kwa kiasi chochote cha maana. Hili lina faida kwa anayenunua taa za sola: paneli iliyo juu ya paa haipati zaidi kwa sababu ya urefu, inapata zaidi kwa sababu haina kivuli cha mnazi wala cha nyumba ya jirani. Kama ua wako uko wazi tangu asubuhi hadi jioni, paneli iache chini, ambapo utaifikia kuifuta vumbi na chumvi.

Dirisha ni jambo jingine. Kwa mtu aliye ndani, chanzo ni lile kipande cha mbingu kinachoonekana kupitia dirishani. Ukirudi nyuma kutoka dirishani, kipande kile kinazidi kuwa kidogo, na mwangaza unashuka nacho. Katika vichochoro vya Kibokoni nyumba zinatazamana kwa karibu, na ghorofa ya chini huenda isione mbingu kabisa isipokuwa ukiegemea dirisha. Huko mita 1 ni kubwa sana. Kaa mahali unapotaka kuweka kiti cha kusomea, tazama nje: ukiona mbingu, mahali pale panafaa, ukiona ukuta wa jirani tu, sogea. Kwenye nyumba za Nyali zenye madirisha mapana na uwanja mbele, unaweza kukaa mita 3 ndani na usijue tofauti.

Kurunzi na kurunzi

Watu husema kurunzi yenye lenzi hushinda umbali. Haishindi, ila inaanza safari na mtaji mkubwa zaidi. Lenzi au kioo hukusanya mwangaza ambao ungepotea pembeni na kuuelekeza mbele, hivyo kandela zinaongezeka ingawa lumeni ni zilezile. Baada ya hapo mraba unafanya kazi yake kama kawaida. Augustin Fresnel alitumia akili hiyohiyo kwenye minara ya meli huko Ufaransa miaka ya 1820, na meli zikaanza kuona taa kutoka mbali kwa moto uleule wa mafuta.

Ukinunua kurunzi, elewa namba ya mita iliyo kwenye boksi. Kwa kiwango cha Marekani kinachofuatwa na watengenezaji wengi, umbali huo ni pale mwangaza unaposhuka hadi laksi 0.25, yaani kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kurunzi iliyoandikwa mita 200 ina kandela 10,000. Kwa mita 10 inakupa laksi 100, kwa mita 50 laksi 4, na kwa mita 200 utaona umbo la mtu lakini sura hutaijua. Iliyoandikwa mita 400 inahitaji kandela 40,000, mara nne, si mara mbili. Boksi linaloahidi kilomita 2 kutoka kwa kitu kinachoingia mfukoni linadai kandela milioni moja. Liache.

Kwa matumizi ya nyumbani stima inapokatika, kurunzi ya mwale mwembamba ni chaguo baya. Inaumiza macho mbele na kuacha giza kando. Taa ya kuchaji yenye mwangaza wa kuzunguka, ikiwekwa juu ya kabati karibu na ukuta mweupe, inasaidia familia nzima. Mwale mwembamba uwe wa mlinzi, wa baharia, na wa anayekagua tangi la maji juu ya paa.

Nje: mulika mwizi au taa za milangoni

Hapa msimamo wangu unabadilika, kwa sababu eneo linabadilika. LED ya nje ya wati 50 ina kandela 1,500 hivi. Ikiwa juu ya mlingoti wa mita 9, chini yake pana laksi 19, na ukisogea mita 9 pembeni bado pana 4 na zaidi. Balbu ya wati 9 ikiwa mita 3 juu ya mlango inatoa laksi 11 chini yake, na mita 3 pembeni zimebaki 4. Kwa uwanja wazi, wa kuegesha magari au wa watoto kucheza mpira, mulika mwizi ya juu hushinda waziwazi. Ungehitaji msitu wa nguzo fupi kufikia usawa huo.

Kwa kichochoro kinachopinda, mlingoti haufai. Kuta zinaukata mwangaza, na upande wa pili unabaki giza jeusi zaidi kwa sababu jicho limezoea ule ukali. Huko, taa ndogo kila mlango, mita 2.5 hadi 3 juu, ndizo zinazomwonyesha mama mzee ngazi yake na tundu la kufuli. Tena taa nyingi zinajazana vivuli: mtu akisimama mbele ya moja, nyingine inamwonyesha uso. Mlingoti mmoja humwonyesha mgongo tu. Kwa baraza ambapo watu hukaa baada ya isha kwa kahawa na mazungumzo, wati 5 zenye rangi ya manjano, kimo cha mita 2, zinatosha. Upepo wa bahari una chumvi inayokula holda za bati, kwa hiyo nje chukua zilizofungwa zisipitishe maji wala vumbi, zenye alama ya IP65.

Kupima mwenyewe

Simu nyingi zina kihisi cha mwangaza juu ya kioo, karibu na kamera ya mbele, na kuna programu za bure zinazoonyesha laksi. Si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha sehemu mbili za chumba kimoja inafaa. Laza simu mezani uso ukitazama juu, mahali penyewe pa daftari, na usiinamie juu yake usije ukaitia kivuli.

Kwa kulinganisha balbu mbili kabla ya kuamua ipi uinunulie nyumba nzima, iko njia ya karne ya 19 inayohusishwa na Robert Bunsen wa Ujerumani, na vifaa vyake vinapatikana kwa muuza bhajia. Chukua karatasi nyeupe iliyofungiwa bhajia, yenye doa moja safi la mafuta. Doa hupitisha mwangaza zaidi kuliko karatasi kavu. Usiku, funga mapazia, weka balbu mbili kwenye holda zinazotazamana, mita 3 kati yao, na uzime nyingine zote. Simamisha karatasi katikati, upande mmoja ukitazama balbu ya kwanza na upande wa pili ukitazama ya pili. Upande unaouangalia ukiwa na mwangaza zaidi, doa litaonekana jeusi; upande wa nyuma ukizidi, doa litang'aa. Sogeza karatasi polepole. Kuna mahali doa linafifia mpaka karibu lipotee, na hapo pande zote mbili zinapata laksi sawa.

Pima umbali kutoka karatasi hadi kila balbu. Ikiwa ni mita 1.2 kwa ya kwanza na mita 1.8 kwa ya pili, gawanya 1.8 kwa 1.2, upate 1.5, kisha zidisha 1.5 kwa 1.5. Balbu ya pili ina ukali mara 2.25 ya ile ya kwanza upande huo. Zote mbili zikiwa zimeandikwa wati 9 na lumeni 800, umejua ni boksi lipi lisilosema kweli. Hakikisha tu balbu zote zinaitazama karatasi kwa namna moja, kichwa kwa kichwa, kwani LED haitoi mwangaza sawa mbele na kando, na uanze kupima kutoka kwenye kuba la balbu, si kutoka kwenye holda.